Usione Vyaelea: Maisha ya Carl Fabergé, Sonara wa Wafalme

Leo sikuja na ngano ya sungura na fisi, wala sikuja na shairi. Nimekuja kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake husikika tu pale mayai ya dhahabu yanapotajwa. Mtu huyo ni Peter Carl Fabergé.

Lakini kabla ya mayai nitaanza na ugoro. Msicheke! Babu yangu hunusa ugoro, naye huuweka katika kijikopo cha bati ambacho zamani kilikuwa cha mafuta ya kujipaka. Kikipotea, hutafuta kingine, mambo yakaisha. Waswahili wa zamani walikuwa na neno lao la chombo cha namna hii. Walikiita tabakelo, neno linalosemekana lilitoka kwa Wareno. Kumbe kule Ulaya katika karne ya 18, tabakelo lilikuwa jambo kubwa kweli kweli! Mabwana na mabibi wa majumba ya kifalme walinusa ugoro mchana kutwa, na mtu alipimwa kwa tabakelo alilolitoa mfukoni. Mengine yalikuwa ya dhahabu tupu, yamepakwa enameli ya rangi za kupendeza na kuzungushiwa almasi. Na wengi waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, hasa nje ya Ufaransa, walikuwa watu waliofukuzwa kwao. Hapo ndipo kisa cha Fabergé kinapoanzia, miaka mingi kabla hajazaliwa.

ASILI YA UKOO

Palikuwa na Waprotestanti katika Ufaransa walioitwa Wahugenoti. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa njia yao, kwa amri iliyotolewa katika mji wa Nantes. Waliishi hivyo kwa karibu miaka 90, japo kwa kubanwabanwa. Halafu mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne akaifuta amri hiyo. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa nchini, na waumini wa kawaida wakakatazwa hata kuhama. Mwanamume aliyeshikwa akitoroka aliweza kufungwa minyororo na kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo watu wapatao 200,000 walitoroka.

Sasa fikiria, msomaji. Mtu akitoroka usiku hawezi kubeba shamba. Hawezi kubeba nyumba wala ng'ombe. Atambeba mtoto mgongoni, na atabeba kile kilicho mikononi mwake, yaani kazi anayoijua. Wahugenoti wengi walikuwa mafundi: wafumaji wa hariri, watengenezaji saa na masonara. Wakaingia London, Amsterdam, Geneva na Berlin wakiwa maskini wenye ujuzi.

Mtawala wa Brandenburg huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm, aliwakaribisha mwaka huohuo wa 1685, akawapunguzia kodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona, kwa kuwa Berlin ilijaa mafundi stadi. Kitukuu wa mtawala huyo, Mfalme Friedrich wa Pili, aliyetawala tangu 1740 hadi 1786, alikuwa mgonjwa wa matabakelo. Alikuwa nayo mamia. Miongoni mwa masonara waliomtengenezea alikuwemo Daniel Baudesson, mmoja wa Wahugenoti wa Berlin. Na kutoka Geneva, mvulana mmoja wa ukoo wa Kihugenoti aitwaye Jérémie Pauzié alifunga safari na babake mwaka 1729 hadi Urusi, sehemu kubwa wakienda kwa miguu. Mvulana huyo ndiye aliyekuja kuwa sonara wa ikulu, na mwaka 1762 alishiriki kutengeneza taji la Malkia Catherine wa Pili, taji lenye almasi karibu 5,000.

Ukoo wa Fabergé ulikuwa mmoja wa hao wakimbizi. Ulitoka kijiji cha La Bouteille katika jimbo la Picardy, kaskazini mwa Ufaransa. Ukakaa Schwedt, mji ulio kando ya Mto Oder huko Ujerumani. Mnamo 1800 ukasogea tena hadi Pärnu, mji wa pwani ambao leo uko Estonia lakini wakati huo ulikuwa chini ya Urusi. Jina lenyewe lilibadilikabadilika njiani kama linavyobadilika jina la mtu anayeandikwa na makarani wageni. Huko Pärnu, mwaka 1814, alizaliwa Gustav, baba wa Carl. Gustav alijifunza usonara katika mji mkuu wa Urusi, St Petersburg, na mwaka 1842 akafungua duka dogo katika ghorofa ya chini ya ardhi, Mtaa wa Bolshaya Morskaya. Mwanawe Carl alizaliwa tarehe 30 Mei 1846.

KIJANA ALIYEFANYA KAZI BURE

Carl alisoma katika shule ya Kijerumani mjini St Petersburg. Alipokuwa na umri wa miaka 14 babake alistaafu, akaliacha duka mikononi mwa wasimamizi, akahamia Dresden na familia yake. Dresden ni mji wa Ujerumani wenye hazina ya kifalme iitwayo Chumba cha Kijani, iliyojaa vitu vya dhahabu, pembe za ndovu na vito vya kila aina. Kijana aliitazama hazina hiyo, na alichokiona hakukisahau. Baadaye alizunguka Ujerumani, Ufaransa na Uingereza. Mjini Frankfurt alijifunza kazi kwa sonara, na mjini Paris alisomea biashara.

Mwaka 1872, akiwa na miaka 26, alimwoa Augusta Julia Jacobs, na duka la babake likaja mikononi mwake. Wakati huo lilikuwa duka la kawaida tu. Liliuza pete, vikuku na miwani kama maduka mengine. Carl angeweza kuridhika hapo akala na kushiba. Lakini alifanya jambo ambalo mimi binafsi limenifunza mengi. Alikwenda katika makumbusho ya Hermitage, yaliyo ndani ya ikulu, akajitolea kufanya kazi bure. Alitengeneza vitu vilivyovunjika, akaviorodhesha na kuvikadiria. Kwa miaka kadhaa alishika kwa mikono yake vito vya Wagiriki wa kale, na matabakelo ya Paris, Berlin na St Petersburg ya karne iliyopita. Alifungua vifuniko vyake, akachungulia bawaba zake, akaona jinsi kila kipande kilivyoungwa. Wenzake waliokuwa wakihesabu faida huenda walimwona mjinga. Kumbe yeye alikuwa shuleni.

Matunda yakaonekana mwaka 1882 katika maonyesho makubwa ya Moscow. Fabergé alionyesha nakala za vito vya kale vilivyochimbuliwa Kerch, karibu na Bahari Nyeusi, akapata medali ya dhahabu. Mwaka huohuo mdogo wake, Agathon, alikuja kuungana naye. Kisha likaja jambo la tabakelo. Palikuwa na tabakelo moja la dhahabu na enameli lililotengenezwa Paris mwaka 1777 na sonara Joseph Étienne Blerzy. Karakana ya Fabergé ikatengeneza lake kwa kuliigiza. Inasimuliwa kwamba Tsar, yaani mfalme mkuu wa Urusi, Alexander wa Tatu, aliwekewa yote mawili mbele yake, akatazama, akageuza, akashindwa kujua lipi ni la Paris na lipi ni la nyumbani. Akaamuru kazi za Fabergé ziwekwe katika makumbusho ya Hermitage. Mahali alipokuwa akirekebisha kazi za wengine bure, sasa kazi zake zikawekwa kioneshwe kama mfano!

ENAMELI NI NINI?

Wengi wetu tunayo enameli nyumbani bila kujua. Vile vikombe na sahani za chuma zenye rangi nyeupe au bluu, ambazo zikianguka hubanduka na kuacha doa jeusi, hiyo ndiyo enameli. Ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma. Fabergé alitumia kitu hichohicho, ila juu ya dhahabu na fedha.

Kwanza fundi huchukua bamba la dhahabu na kulichora kwa mashine mistari myembamba sana, mawimbi au miale kama ya jua. Halafu hupaka unga laini wa kioo uliochanganywa na madini ya kutia rangi. Kobalti hutoa bluu, shaba hutoa kijani, na dhahabu yenyewe hutoa waridi. Bamba huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 700 hadi 800 hivi. Kioo kikiyeyuka hushikamana na dhahabu. Kikipoa, hupakwa tena na kuchomwa tena, mara nne, tano au hata sita. Kila safari ya tanuri ni hatari, kwani joto likizidi kidogo rangi huharibika, na uchafu mdogo ukiingia kioo hupasuka na kazi ya majuma mazima huwa bure. Mwisho husuguliwa kwa saa nyingi hadi kiwe laini kama ngozi ya mtoto. Ukikitazama, mwanga hupenya kioo, hugonga ile mistari ya chini na kurudi ukichezacheza. Karakana ya Fabergé ilikuwa na rangi zaidi ya 140. Walijua pia kuipa dhahabu yenyewe rangi tofauti: wakichanganya na shaba huwa nyekundu, na fedha huwa ya kijani.

Husimuliwa kwamba kitu chochote kilichotoka na kasoro Fabergé alikivunja kwa nyundo, hata kama mnunuzi asingeiona kasoro hiyo. Msimamo wake ulikuwa kwamba thamani ya kitu si uzito wa dhahabu wala wingi wa almasi, bali ni kazi iliyofanywa. Sonara aliyeuza mawe makubwa tu, kwake yeye alikuwa mchuuzi.

MAYAI NA MIKONO ILIYOYATENGENEZA

Mwaka 1885 Tsar Alexander alitaka kumpa mkewe, Maria Fedorovna, zawadi ya Pasaka. Warusi wana desturi ya kupeana mayai siku hiyo. Fabergé akatengeneza yai la dhahabu lililopakwa enameli nyeupe, dogo tu kama yai la kuku. Ukilifungua unakuta kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini kuku wa dhahabu. Ndani ya kuku mlikuwa na taji dogo la almasi, ambalo limepotea. Malkia alifurahi mno. Tangu hapo kila Pasaka paliagizwa yai jipya, na Fabergé akapewa cheo cha sonara wa ikulu. Mwanawe Alexander, Tsar Nicholas wa Pili, aliendeleza desturi hiyo kwa kutoa mayai mawili kila mwaka, moja la mamake na moja la mkewe. Jumla yalifika 50.

Usione vyaelea, vimeundwa. Je, vilivyoundwa hivi viliundwa na nani? Hapa nataka tuwe waangalifu. Fabergé hakukaa kwenye meza ya fundi akatengeneza mayai hayo peke yake. Alikuwa na wafanyakazi wapatao 500, na matawi Moscow, Odessa, Kiev na London. Inakadiriwa kwamba kati ya 1882 na 1917 kampuni ilitoa vitu zaidi ya 150,000. Yeye alichagua, alichora, alisahihisha, alikataa. Mikono ilikuwa ya wengine. Lile tabakelo lililomchanganya Tsar lilitengenezwa na Mikhail Perkhin, mtoto wa wakulima maskini kutoka upande wa Petrozavodsk. Gari dogo la dhahabu lililomo ndani ya yai la mwaka 1897, lisilofika sentimita 10 na lenye magurudumu yanayozunguka, lilitengenezwa na kijana aitwaye George Stein kwa zaidi ya mwaka mzima. Na yai la mwaka 1913 liitwalo Yai la Majira ya Baridi, la jiwe angavu kama barafu, lilichorwa na msichana wa ukoo wa Kifini, Alma Pihl. Aliona barafu ilivyojichora yenyewe kwenye kioo cha dirisha, akaichukua ile. Wasichana wenzangu, mmesikia hapo!

Na yale matabakelo je? Kufikia wakati huo watu walikuwa wameacha ugoro, wanavuta sigara. Lakini Tsar aliendelea kuyatoa kama nishani kwa mawaziri na mabalozi. Yenye picha yake iliyozungukwa na almasi yalikuwa ya heshima ya juu. Kichekesho ni kwamba wengine waliyarudisha ikulu kimyakimya wakalipwa pesa taslimu, na tabakelo lilelile likapewa mtu mwingine, naye akashukuru. Bila shaka hata waziri ana karo ya kulipa.

KIKOMBE NA YAI

Sasa nifike mahali paliponisumbua nilipokuwa nikiandika. Mwezi Mei 1896 Nicholas wa Pili alitawazwa mjini Moscow. Watu wa kawaida waliahidiwa zawadi katika uwanja wa Khodynka: mkate, soseji, biskuti, na kikombe cha enameli chenye alama ya Tsar. Watu mamia kwa maelfu walilala uwanjani wakingoja. Kulipopambazuka uvumi ukaenea kwamba zawadi hazitatosha. Wakasukumana. Uwanja ulikuwa na mashimo na mitaro, na watu zaidi ya 1,300 walikanyagwa wakafa. Ilikuwa tarehe 30 Mei, siku ambayo Fabergé alitimiza miaka 50.

Pasaka iliyofuata, mwaka 1897, mke wa Tsar alipokea lile yai lenye gari la dhahabu ndani yake, ukumbusho wa kutawazwa kwa mumewe. Nimetafakari sana jambo hili. Kikombe ni enameli, na yai ni enameli. Mmoja alikufa akikitafuta kikombe, mwingine akapewa yai kama zawadi ya sikukuu. Simlaumu fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa safi. Lakini kazi safi haiwezi kuficha nyumba inayoungua. Januari 1905 wafanyakazi wa St Petersburg waliandamana hadi ikulu kuomba hali bora, wakapigwa risasi. Pasaka ya 1904 na ya 1905 hakukuwa na yai kwa sababu Urusi ilikuwa vitani na Japani. Mwaka 1914 vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na karakana zilizotengeneza maua ya dhahabu zikaanza kutengeneza makombora na mabomu ya mkono. Yai moja la mwaka 1916 lilikuwa la chuma, limekaa juu ya makombora manne ya mizinga.

MKIMBIZI TENA

Mwaka 1917 mapinduzi yakamwondoa Tsar. Mwaka uliofuata, Julai 1918, Nicholas, mkewe na watoto wao waliuawa. Kampuni iliendeshwa kwa muda na kamati ya wafanyakazi, halafu ikafungwa, na mali yake ikatwaliwa na serikali mpya. Inasimuliwa kwamba watu wa serikali walipofika, Fabergé aliomba dakika chache tu, avae koti na kofia yake. Akatoka.

Septemba 1918 mzee huyu wa miaka 72 aliondoka kwa treni ya wanabalozi kwenda Riga, akijifanya tarishi wa ubalozi. Mapinduzi yakafika Riga pia, akakimbilia Ujerumani. Mkewe Augusta na mwanawe mkubwa Eugène walitoroka kupitia Ufini wakati wa baridi kali, kwa sleji na kwa miguu, usiku, katika theluji. Miaka 233 ilikuwa imepita tangu babu zake watoroke Ufaransa. Naye pia hakuweza kubeba nyumba.

Lakini pana tofauti, nayo ndiyo iliyonihuzunisha. Babu zake walitoroka na kazi yao mikononi, wakaanza upya. Carl alikuwa mzee, na kazi yake haikuwa mikononi mwake peke yake. Ilikuwa katika mikono ile 500 na zaidi, nayo ilikuwa imetawanyika kama shanga za uzi uliokatika. Bila Perkhin, bila mchora mistari, bila yule anayejua tanuri, Fabergé alikuwa mzee mwenye kumbukumbu tu. Afya na moyo vilivunjika pamoja. Alihamia Uswisi, akafa Lausanne tarehe 24 Septemba 1920, akiwa na miaka 74.

Augusta alifariki mwaka 1925 huko Cannes, kusini mwa Ufaransa. Baadaye Eugène aliyachukua majivu ya babake kutoka Uswisi akayazika Cannes kando ya mamake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukoo uliotoka Ufaransa ukikimbia ulirudi Ufaransa kuzikwa.

KILICHOBAKI

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Urusi ilihitaji pesa za kigeni, ikauza baadhi ya mayai nje. Mengine yalibaki Moscow katika hazina ya Kremlin, ambako kuna kumi. Mwaka 2004 tajiri mmoja Mrusi alinunua tisa kwa pamoja kutoka Marekani, na tangu 2013 yamo katika makumbusho ya Fabergé mjini St Petersburg.

Lakini kuna yai moja ambalo kisa chake ndicho kinachofaa kufungia. Yai la mwaka 1887, lenye saa ndani yake, lilipotea miaka mingi. Mtu mmoja huko Marekani, mnunuzi wa vyuma chakavu, alilinunua kwa dola 14,000 hivi. Alitaka kuliuza liyeyushwe kwa ajili ya dhahabu. Alilipeleka kwa huyu na yule, na kila mmoja akapima uzito na kumwambia bei aliyolipa ni kubwa mno, dhahabu haifiki hapo. Akakaa nalo jikoni kwake. Mwaka 2012 akatafuta habari zake kwenye intaneti, akagundua kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa na yai la Tsar lenye thamani ya mamilioni. Mwaka 2014 ulimwengu ukatangaziwa. Angefaulu kupata faida ndogo tu aliyoitaka, leo lingekuwa bonge la dhahabu lisilo na jina. Mizani ilipima dhahabu. Haikuweza kupima kazi.

Na yule msichana Alma Pihl? Mwaka 1921 alihamia Ufini na mumewe. Akawa mwalimu wa kuchora na mwandiko katika shule ya mji mdogo wa viwanda, Kuusankoski, akafundisha miaka mingi. Wanafunzi wake hawakujua kabisa kwamba mwalimu wao ndiye aliyewachorea malkia mayai. Waliona mwalimu anayedai mistari inyooke, basi. Tangu nilipojua habari hii nimekuwa nikimtazama mwalimu wetu wa kuchora kwa jicho jingine. Huwezi jua.

Wanachama wenzangu, wengi wetu hatutamiliki dhahabu, na wengine wetu tunakuja shule kila asubuhi tukiwa tumetembea kilomita kadhaa. Lakini somo la Fabergé halihitaji dhahabu. Babu zake walipoteza kila kitu isipokuwa ujuzi, na ujuzi ukawalisha. Yeye naye aliongeza ujuzi kwa kufanya kazi bure wakati wengine wanahesabu faida. Ila tusisahau na upande wa pili: kazi kubwa ni ya wengi, na siku hao wengi wakitawanyika, jina pekee halitoshi.

Babu yangu nilimsomea makala hii kabla ya kumpa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, akafungua kijikopo chake cha bati, akanusa, akapiga chafya, akaniuliza kama ugoro wa ndani ya matabakelo yale ulikuwa mzuri. Hilo, wapenzi wasomaji, sikuweza kumjibu. Naweka kalamu chini.